Wanawake Maharamia Vitabuni

Katika Kisiwa chenye Hazina yumo mwanamke mweusi ambaye msomaji hamwoni hata mara moja. Ni mke wa John Silver, yule haramia wa mguu mmoja. Bwana Trelawney anamtaja katika barua kwa kejeli, kwamba ni mtu mweusi na huenda ndiye anayemfanya mumewe atamani kurudi baharini. Baadaye tunamsikia Silver akisema kwamba fedha zake zote alizokuwa ameziweka benki sasa ziko mikononi mwa mke huyo. Nyumba yao ya kuuzia pombe imekwisha kuuzwa, na mama amekwenda kumngoja mahali ambapo Silver hataki kupataja mbele ya wenzake. Mwisho kabisa Jim anakisia kwamba pengine wawili hao wamekutana na wanaishi raha mustarehe, pamoja na kasuku wao. Basi, habari zake zimekwisha. Kasuku amepewa jina, amepewa umri, amepewa na maneno ya kusema ambayo kila mtoto aliyekisoma kitabu hicho anayakumbuka. Mwanamke aliyetunza mali ya haramia mkubwa kuliko wote kitabuni hakupewa hata jina.

Robert Louis Stevenson alikitoa kitabu hicho mwaka 1883, na tafsiri ya Kiswahili ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1929. Sisi tuliosoma miaka ya 1960 tuliikuta makabatini ikiwa imekwisha kuchanika jalada. Stevenson alieleza baadaye kwamba wanawake aliwaacha nje kwa kusudi, kwa kuwa hadithi ilikuwa ya wavulana, na alianza kuitunga ili kumfurahisha mtoto wa kiume wa mkewe. Hata hivyo mmoja alipenya. Mama yake Jim anakataa kukimbia mpaka ahesabu, kutoka katika sanduku la marehemu mgeni wake, deni analomdai, bila kuzidisha hata senti. Sarafu ni za nchi nyingi, naye anajua kuhesabu za kwao tu, maharamia wako njiani, mtoto anamsihi waondoke, yeye anahesabu. Watu wengi humcheka mama huyo. Mimi nilipokirudia kitabu utu uzimani nilimwona kuwa ni mtu wa maana sana, kwa sababu katika watu wote wanaoigusa mali ile, yeye ndiye anayetaka haki yake tu. Lakini muda si mrefu mwandishi anamfanya azirai darajani, kisha anamwacha nyumbani, na safari inaendelea bila yeye.

Nimewatanguliza wanawake hao wawili, ijapokuwa hakuna kati yao aliyeshika upanga, kwa sababu wananisaidia kusema jambo ambalo limenisumbua tangu nilipoanza kufuatilia habari za wanawake maharamia. Vitabu vinavyopendwa na watu havimnyimi mwanamke haramia bastola. Tangu karne ya 18 vimempa bastola, suruali, matusi na wapenzi tele. Vinachomnyima ni amri na hesabu. Ukitaka kujua kitabu kimemtendea nini mwanamke wa namna hiyo, usihesabu watu aliowaua. Uliza ni nani anayepokea amri yake, na daftari la mali liko kwa nani.

Mwaka juzi, pale Maili Moja, Kibaha, kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba anayevipanga juu ya turubai, nilinunua kitabu cha picha cha Kiingereza kinachokusanya habari za wanawake hao kutoka pande zote za dunia. Sitakitaja jina, maana kipo sawa na vingine kumi vya aina yake. Jaladani yupo mwanamke mwenye nywele nyekundu, shati limefunguka mpaka kifuani, upepo unavuma, na nyuma yake meli inaungua. Uso wake hauna jasho wala kovu. Mtu aliyewahi kumwona mvuvi aliyerudi baharini baada ya siku tatu atajiuliza mama huyu amekaa kwenye meli gani yenye bafu la maji matamu. Kwa bei niliyopewa sikuweza kukiacha.

Hadithi inayoongoza humo, kama ilivyo katika vitabu vyote vya jinsi hiyo, ni ya Anne Bonny na Mary Read. Chanzo chake ni kitabu kilichochapishwa London mwaka 1724 juu ya maharamia mashuhuri, na jina la mtungaji limeandikwa Kapteni Charles Johnson. Hilo laonekana kuwa jina la bandia. (Nimeona ajabu kidogo kwamba maharamia wa Waingereza waliandikwa na Johnson mmoja, na wale wa Stevenson wakaletwa kwetu na Johnson mwingine, yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Hawana undugu wowote.) Johnson wa kwanza anasimulia kwamba Mary alilelewa kama mvulana ili bibi yake atoe fedha za matunzo, kwamba alikuwa askari vitani huko Flanders, kwamba Anne alimpenda akidhani ni mwanamume, na kwamba siri ilifichuka wawili hao walipofunuliana ukweli. Ni hadithi tamu, na imesimuliwa upya kwa muda wa miaka mia tatu. Ilipotafsiriwa Kiholanzi mwaka 1725, mchoraji aliwatoa wanawake hao vifua wazi. Kwa hiyo jalada nililolinunua Maili Moja lina ukoo mrefu.

Sasa tutazame kumbukumbu za mahakama. Kesi ya wanawake hao ilisikilizwa Jamaica tarehe 28 Novemba 1720, na maelezo yake yakachapishwa huko huko mwaka uliofuata, yaani kabla ya kitabu cha Johnson. Shahidi mmoja alikuwa mwanamke aliyeitwa Dorothy Thomas. Alikuwa katika mtumbwi wake wenye vyakula na vitu vingine, maharamia wakamkamata na kumpora. Alisema Anne na Mary walivaa koti na suruali za kiume, wamejifunga vitambaa kichwani, kila mmoja ana panga na bastola mkononi, na kwamba walikuwa wakiwahimiza wanaume wamuue ili asije akatoa ushahidi. Aliwatambua kuwa ni wanawake kwa ukubwa wa matiti yao. Mashahidi wengine wawili, Wafaransa waliokuwa wametekwa, walieleza kwamba wanawake hao walivaa kiume walipokuwa wakifukuza meli au kushambulia, na nyakati nyingine walivaa nguo zao za kike. Zaidi ya hayo, gavana wa Bahama alikuwa amekwisha kuwatangaza kwa majina kuwa ni maharamia mwezi Septemba, miezi kadhaa kabla ya kesi.

Hapo siri iko wapi? Mwanamke ambaye jina lake limetangazwa na serikali, ambaye wenzake wanamwona siku moja na gauni na siku ya pili na suruali, hajajificha kwa mtu yeyote. Suruali ilikuwa nguo ya kazi. Hapa kwetu Kisarawe mama anapokwenda kuokota korosho au kupanga tanuri la mkaa huvaa suruali kuukuu ya mumewe ndani ya khanga, na hakuna jirani anayesema kwamba anaficha uanamke wake. Anajikinga na miiba. Lakini Johnson alijua biashara yake. Mwanamke aliyevaa suruali kwa ajili ya kazi hauzi kitabu. Mwanamke aliyevaa suruali ili siku moja aivue, huyo anauza. Ndiyo maana kurasa nyingi za maisha ya Mary Read zinahusu nani alijua na nani hakujua, na ni chache mno zinazoeleza alifanya kazi gani melini, alipata fungu gani la mali, na kama alikuwa na kauli katika shauri la wenzake. Yule Anne aliyeonwa na shahidi akiwa na bastola, akiwapa wanaume baruti, amekuwa mchumba wa Rackham. Ukikisoma kitabu haraka utadhani alikwenda baharini kwa ajili ya mapenzi tu, kama vile msichana anayemfuata mvulana mjini.

Wote wawili walihukumiwa kunyongwa, wote wawili wakasema ni waja wazito, hukumu ikaahirishwa. Mary alikufa gerezani mwaka 1721. Riwaya na filamu zimemzulia Anne miisho ya kila namna, mingi ikiwa ya ndoa.

Hapa nisieleweke vibaya. Simwombi mtu ampende haramia. Wanawake wale walitaka Dorothy Thomas auawe, na Dorothy alikuwa mtu wa kutafuta riziki kwa mtumbwi, kama akina mama wengi wa pwani yetu. Kama ni mwizi, na aandikwe kuwa ni mwizi. Aandikwe aliiba nini, aligawana na nani, na aliyeibiwa alipata hasara gani. Wanaume maharamia tunaandikiwa hayo yote mpaka idadi ya magunia. Wanawake tunaandikiwa vifungo vya shati.

Kama mtu ana shaka na maneno yangu, na amtazame Zheng Yi Sao wa China. Kwa ukubwa wa kazi, hakuna mwanamke haramia anayemkaribia, na wanaume wanaomkaribia ni wachache. Alizaliwa mwaka 1775 na kufa mwaka 1844. Hilo si jina lake. Maana yake ni mke wa Zheng Yi tu, kwa hiyo hata yeye, kama mke wa Silver, amebaki na jina la mumewe. Mume alipofariki mwaka 1807 alishika uongozi wa muungano wa makundi ya maharamia yenye mamia ya majahazi na makumi ya maelfu ya watu kando ya pwani ya Guangdong. Mkubwa wa vita alikuwa Zhang Bao, mtoto wa kulea wa marehemu, ambaye mama huyo aliolewa naye baadaye. Lakini nguvu yao haikuwa katika vita peke yake. Wafanyabiashara wa chumvi, wavuvi na vijiji vya pwani walilipa fedha na kupewa hati, na mwenye hati alipita salama. Ngawira iliandikwa daftarini kabla ya kugawanywa. Aliyeficha kitu aliadhibiwa vikali. Kwa maneno mengine, mama huyu aliendesha ushuru wa forodha, na aliuendesha vizuri kuliko serikali aliyokuwa akiipinga.

Mwaka 1810, serikali iliposhindwa kuwaangamiza, ilitaka mapatano. Mazungumzo yalikwama juu ya mambo mawili: watapiga magoti au hawatapiga, na Zhang Bao atabaki na meli ngapi. Ndipo mama alipokwenda mwenyewe kwa gavana mkuu mjini Canton, bila silaha, amefuatana na wanawake na watoto. Alirudi na masharti aliyoyataka. Watu wao wengi walisamehewa, Zhang Bao akapewa cheo katika jeshi la mfalme pamoja na meli zake kadhaa, na mali ikabaki. Alipofiwa na mume huyo wa pili alirudi katika miji ya kwao, akafungua nyumba ya kuchezea kamari, akafa kitandani akiwa na umri wa miaka 69. Maharamia wangapi wanaume walikufa kitandani?

Vitabu vimefanya nini na maisha hayo? Kitabu changu cha Maili Moja kinampa kurasa nne. Anne na Mary wana kumi na tano. Katika hizo nne, moja nzima inahusu habari kwamba kabla ya kuolewa alikuwa malaya, na nyingine inahusu ndoa yake na mtoto wa kulea. Jorge Luis Borges wa Argentina, ambaye ni mwandishi mkubwa kuliko hao wa vitabu vya picha, alimwandika katika mkusanyiko wake wa mwaka 1935. Nakiri hadithi yake ni nzuri, na yeye angalau anampa mjane huyo amri na sheria. Lakini tazama anavyomaliza. Majeshi ya mfalme yanarusha tiara za karatasi zenye sura ya dragoni angani, mjane anazitazama jioni baada ya jioni, anakumbuka ngano ya dragoni na mbweha, anaingiwa na huzuni, anajisalimisha. Mwanamke aliyekaa na gavana akajadiliana naye juu ya idadi ya meli amegeuzwa kuwa mwanamke aliyeshindwa na tiara. Ndiyo maana nasema tatizo hili halihusu waandishi wabovu tu.

Tukirudi nyumbani, tutakuta kwamba riwaya zetu za upelelezi na ujambazi, zile tulizozinunua kwenye vituo vya mabasi miaka ya 1970 na 1980, hazina maharamia wa baharini, ila wana majambazi wa nchi kavu, na neno haramia kwa Kiswahili lilikuwa likimtosha hata mnyang'anyi wa barabarani. Elvis Musiba alitupa Willy Gamba kuanzia Kufa na Kupona mwaka 1974. Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango na mwandani wake Nuru. Nilivisoma kwa furaha, na kama mwalimu nitasema bila haya kwamba viliwafundisha vijana wengi kusoma kuliko vitabu vya kiada. Lakini mwanamke anapoingia ukurasani humo, mwandishi humpima kwanza kwa macho kama anayenunua kitambaa: umbo, midomo, mwendo. Hapo ndipo bastola hutokea mkobani. Nuru ni jasiri na ana akili, nami nilimpenda, lakini kesi si yake. Anayeamua ni Joram. Majambazi wa kike ndio hasa wanaosikitisha. Kazi yao kubwa ni kumlegeza mpelelezi usiku ili wakubwa wao, ambao ni wanaume, wamkamate asubuhi.

Cha ajabu ni kwamba hadithi za zamani zaidi zilikuwa na ukarimu kuliko hizo. Kila mtoto wa pwani anamjua Marjana katika hadithi ya Ali Baba na wezi arobaini. Yule ni mjakazi, hana kitu. Lakini anazitambua alama za wezi mlangoni, anaziharibu kwa kuzizidisha, anagundua watu ndani ya mitungi, anachemsha mafuta na kuwamaliza mmoja mmoja, halafu anamuua mkuu wao kwa jambia katikati ya ngoma. Hakungoja amri ya bwana wake. Bwana alikuwa amelala. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, Adili anatupwa baharini na ndugu zake, na anayemwokoa ni Huria, jini wa kike, ambaye anawageuza ndugu hao manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Amri inatolewa na mwanamke, na mwanamume mwema, liwali mzima, anaitii huku akilia. Nimewahi kuwauliza wanachuo wangu wa ualimu nani mwenye madaraka zaidi katika kitabu hicho, nao walinitajia mfalme, kisha Adili. Ilichukua nusu saa mpaka mmoja akamtaja Huria. Walikuwa wamemweka pamoja na upepo na mawimbi, kama sehemu ya hali ya hewa.

Je, pwani yetu haikuwa na mwanamke wa kuandikwa? Alikuwapo, tena zaidi ya mmoja, ila hawakuwa maharamia, na sitaki kuwapa sifa hiyo kwa nguvu. Karibu na mwaka 1652 aliyetawala Unguja alikuwa Mwana Mwema. Alishirikiana na Waomani waliokuja kwa meli na kuwashambulia Wareno kisiwani. Mtawala wa Utondwe, huku kwetu Pwani upande wa Saadani, alikuwa pamoja naye. Wareno waliporudi na nguvu walimfukuza. Nusu karne baadaye Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma, naye alikuwa upande wa pili kabisa. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, watu waliokuwa ndani walikufa kwa njaa na maradhi. Fatuma alituma vyombo vyenye chakula kupita katikati ya wazingiraji. Waomani hawakumsamehe. Walimkamata wakampeleka Maskati, akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kurudi Unguja.

Nani haramia hapo? Kwa Wareno, Waomani walikuwa wanyang'anyi wa bahari. Kwa Waomani, vyombo vya Fatuma vilikuwa vya magendo. Waingereza nao, karne moja baadaye, waliwaita Waqawasim wa Ghuba maharamia, mpaka mwaka 1986 Sultan al-Qasimi, mtawala wa Sharjah, akaandika kitabu kizima kulikanusha jina hilo. Neno haramia mara nyingi hutamkwa na mwenye meli kubwa zaidi. Lakini mimi hilo silishiki sana. Ninachoshika ni kwamba Fatuma anatimiza masharti yangu yote mawili. Kulikuwa na manahodha waliopokea amri yake, na kulikuwa na ghala ambalo mtu alipaswa kujua lina nini na litabakiwa na nini.

Na vitabu vyetu vinampa nini? Katika vile vya historia ya shule nilivyofundishia alikuwa na sentensi moja, na baadhi havikuwa nayo. Riwaya hana. Mtu akiniambia kwamba habari zake ni chache mno kufanyia riwaya, nitamjibu kwamba za Mary Read zilikuwa chache vilevile, na Johnson hakukosa la kuandika. Kinachohitajika kukijaza kitabu cha Fatuma kinajulikana na kila mtu wa pwani. Chakula hakiendi Mombasa wakati wa kaskazi bila shida. Kusi ndiyo inayosukuma kuelekea huko. Mpunga unatoka shamba gani, nani anayeutwanga, nani anayetoa jahazi lake akijua linaweza kuchomwa? Mjane wa baharia atalipwa na nani? Mshauri gani alimwambia malkia aiache Mombasa ife, naye alimjibu nini mbele ya wazee? Mwandishi anayeweza kujibu maswali hayo hatapata nafasi ya kueleza vifungo vya shati.

Nimesema haya kwa kirefu kwa sababu mwaka jana niliombwa na walimu wa shule moja ya sekondari wilayani Kisarawe niwasaidie kuchagua vitabu vya ziada. Rafu zilikuwa mbili na fedha hazikuwapo, kwa hiyo uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kugawana umaskini: vya kwangu, vya walimu, na vya mitumba. Wasichana hapo ni zaidi ya nusu. Wengi ni Wazaramo, watu ambao kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na wameona nyumbani nani anayejua korosho zimeuzwa kilo ngapi na baba amechukua kiasi gani. Mwalimu mmoja, kijana mwenye bidii, alikishika kile kitabu cha jalada la nywele nyekundu akasema kisiingie, kitawaharibu. Mwalimu wa kike aliyekaa karibu naye akasema kiingie, angalau wataona wanawake wenye nguvu. Wote wawili walikuwa wanalitazama jalada.

Mimi nilisema kiingie, kwa sharti kwamba Adili na Nduguze ikae upande wa kushoto wake na Kisiwa chenye Hazina upande wa kulia, na ndani ya kurasa za Anne na Mary pabandikwe karatasi niliyoiandika kwa Kiswahili, yenye maelezo ya mashahidi watatu wa Jamaica. Yule mwalimu kijana alicheka kwamba nimefanya maktaba kuwa mahakama, lakini gundi alileta yeye.

Kitabu kimeazimwa sana, jalada limeanza kulegea. Mwezi wa pili hivi nilipopita kuona rafu, msichana wa kidato cha pili alikirudisha mbele yangu. Nilimwuliza amempenda nani humo. Hakunitajia Anne wala Mary. Aliniuliza kama yule mama wa mtumbwi alirudishiwa vyakula vyake, au mahakama iliwanyonga wezi tu na kumwacha aende hivyo hivyo.